Namba za Magari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayomjia mtu akiwa amekwama kwenye foleni, hana la kusoma isipokuwa kibao cha gari lililo mbele yake. Majibu hayalingani urefu. Mengine ni hesabu, mengine ni historia, na machache ni maoni yangu tu.

Kibao cha namba kina kazi gani hasa?

Kinamwezesha mtu aliyeliona gari kwa sekunde mbili tatu kulitaja kwa mtu mwingine mwenye daftari. Kibao chenyewe hakijui chochote. Namba ya chesisi, injini, rangi, mmiliki na bima vyote vimo kwenye daftari la usajili, na namba ni ufunguo wa daftari hilo.

Tatizo ni kwamba serikali nyingi haziridhiki na ufunguo mtupu. Zinataka useme na habari: gari la wapi, la mwaka gani, la kazi gani, la mkubwa yupi. Nionavyo mimi, historia ya namba za magari kwa sehemu kubwa ni historia ya tamaa hiyo, kwa sababu kila maana unayoibebesha namba inakula nafasi za magari.

Vilianza lini?

Mwaka 1893 polisi wa Paris waliagiza magari yabebe bamba la chuma lenye jina na anwani ya mwenyewe. Uholanzi ilifuata mwaka 1898, ikawa nchi ya kwanza kuwa na utaratibu wa taifa zima. Jimbo la New York lilidai vibao mwaka 1901 lakini halikuvitoa: kila mtu alijitengenezea chake na kukiandika herufi za kwanza za majina yake. Unaweza kukisia kilichotokea pale wenye magari wawili walipogongana kwa herufi. Mwaka 1903 Massachusetts ikaanza kutoa vibao yenyewe, vya chuma kilichopakwa enameli. Uingereza ilianza tarehe 1 Januari 1904, kila halmashauri ikiwa na herufi zake. A ilikuwa ya London.

Muundo mmoja unatosha magari mangapi?

Tuchukue muundo unaopendwa sana, herufi 3 na tarakimu 3. Herufi 26 mara 26 mara 26 ni 17,576. Zidisha kwa 1,000, yaani kuanzia 000 hadi 999, unapata 17,576,000. Mezani zinaonekana namba za kutosha hadi wajukuu.

Sasa anza kupunguza. Toa I, O na Q kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Umebaki na herufi 23, na namba 12,167,000. Toa na irabu zilizobaki, ili kibao kisije kikaandika tusi kwa bahati mbaya. Umebaki na herufi 20, na namba 8,000,000. Hujataja mkoa wala mwaka, na zaidi ya nusu ya mali yako imeshakwenda.

Ukiamua tena kwamba herufi ya kwanza iwe ya mkoa, kila mkoa unapata namba 400,000 tu. Mji mkuu utazimaliza upesi, na mkoa wenye barabara mbili utabaki na namba zake zikiota kutu. Hapo ndipo mifumo mingi huvunjikia: namba za nchi nzima bado zipo tele, ila zimefungiwa mahali pasipo na magari.

Urusi ni mfano ninaoupenda. Vibao vyake vinatumia herufi 12 tu, zile ambazo sura zake zipo katika alfabeti ya Kirusi na ya Kilatini pia: А, В, Е, К, М, Н, О, Р, С, Т, У, Х. Herufi 3 kati ya hizo na tarakimu kuanzia 001 hadi 999 zinatoa namba 1,726,272 kwa kila namba ya mkoa. Moscow ilipewa 77. Haikutosha. Ikaongezewa 97 na 99, kisha 177, 197, 199, halafu 777. Mji mmoja, majina mengi. Mgeni anadhani ametazama magari ya mikoa saba.

Kuna jambo lingine wapangaji husahau: kwa kawaida namba haizaliwi upya gari likifa. Kwa hiyo usihesabu magari yaliyopo barabarani. Hesabu yote yatakayowahi kusajiliwa, pamoja na yaliyogeuzwa vyuma chakavu.

Namba zikiisha inakuwaje? Magari yote yanabadilishiwa?

Ni nadra. Njia ya kawaida ni kuanzisha mfululizo mpya na kuacha wa zamani ufe taratibu na magari yake. Ndiyo maana kwenye barabara moja utakuta vizazi viwili vitatu vya vibao.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kugeuza mpangilio. Waholanzi ni mabingwa wa mchezo huu: tangu mwaka 1951 wamekuwa wakitumia vipande vitatu vyenye vistari katikati, na kila mfululizo ukikaribia kuisha wanahamisha herufi na tarakimu mahali pengine. Waingereza walianza na herufi 1 au 2 na tarakimu hadi 4. Mwaka 1932 halmashauri ya Staffordshire ikaishiwa, wakaenda kwenye herufi 3. Hizo nazo zikaanza kuisha, wakatanguliza tarakimu mbele ya herufi.

Njia ya pili ni kupanua nafasi moja. Sweden ilidumu na herufi 3 na tarakimu 3 tangu miaka ya 1970. Mwaka 2019 ikaruhusu tarakimu ya mwisho iwe herufi. Ukisimama mbali huoni tofauti. Mwaka huohuo Korea Kusini iliongeza tarakimu moja mwanzoni, zikawa 3 badala ya 2. Jambo dogo, lakini kila kamera ya maegesho iliyofundishwa kusoma tarakimu 2 ilibidi ifundishwe upya.

Njia ya tatu ni kuanza upya kwa nafasi kubwa. Hispania mwaka 2000 ilifuta majimbo na irabu, ikaweka tarakimu 4 na herufi 3 kutoka kundi la herufi 20: namba milioni 80. Ufaransa mwaka 2009 ilichagua muundo wa AB-123-CD, ambao unazidi namba milioni 270.

Kenya iko katikati. Muundo wake ni K na herufi 2, tarakimu 3, kisha herufi ya mwisho. Ukiacha I na O, kundi moja la herufi tatu za mwanzo lina nafasi 23,976 kabla ya kuhamia kundi linalofuata.

Je, namba ionyeshe gari limetoka wapi?

Watu hupenda sana. Wapangaji wengi wa siku hizi hawapendi. Nami niko upande wa wapangaji, ingawa ninakiri kwamba kibao kisichosema kwao ni kibao kisicho na maongezi.

Tazama Ufaransa. Kuanzia mwaka 1950 tarakimu za mwisho zilikuwa za wilaya kubwa wanayoiita département; 75 ilikuwa Paris. Ukihamia wilaya nyingine, ulibadilisha namba. Kila kuhama kwa mtu kuliteketeza namba moja na kuzalisha foleni moja ofisini. Mwaka 2009 wakaamua namba ikae na gari maisha yote, bila kutaja mahali. Watu wakalalamika, maana namba ya kwao ilikuwa kama kabila. Suluhisho lilikuwa la werevu: upande wa kulia wa kibao uliwekwa utepe wa buluu wenye namba ya wilaya na nembo ya mkoa, nawe unachagua unayoitaka hata kama hujawahi kulala huko. Italia nayo iliondoa majimbo kwenye namba mwaka 1994, kisha ikayaruhusu yarudi kama pambo la pembeni. Habari imebaki kwenye kibao, lakini haimo tena ndani ya namba.

Ujerumani imekwenda kinyume. Huko miji mikubwa ina herufi moja, kama B ya Berlin na M ya München, na maeneo madogo yana hadi tatu. Wilaya zilipounganishwa, herufi za wilaya zilizomezwa zilikufa. Tangu mwaka 2012 zimeanza kuruhusiwa tena, kwa sababu wenyeji walizitaka.

Kisha kuna Bosnia na Herzegovina, ambako swali hili lilikuwa la uhai wa mtu. Vita viliisha mwaka 1995, lakini kila upande ulikuwa na vibao vyake. Ukivuka kwenda upande wa pili, kila aliyekuona barabarani alijua wewe ni wa kina nani, na watu wakaogopa kusafiri. Mwaka 1998 ofisi ya Mwakilishi Mkuu wa kimataifa ilianzisha vibao vipya visivyotaja mahali, na herufi zilizochaguliwa zilikuwa zile tu zenye sura moja katika alfabeti ya Kilatini na ya Kisirili, iliyo jamaa ya ile ya Kirusi: A, E, J, K, M, O, T. Hata mwandiko usikutaje. Sijui kibao kingine kilichobuniwa ili kiseme machache kiasi hicho.

Na umri wa gari?

Umri ukiwa wazi kwenye kibao, unaingia kwenye bei na kwenye majivuno. Uingereza iliweka herufi ya mwaka mwishoni mwa namba kuanzia mwaka 1963, na mwaka 1983 ikaihamishia mwanzoni. Wanunuzi wakawa wanasubiri herufi mpya itoke, mauzo yote yakarundikana mwezi Agosti. Tangu mwaka 1999 inabadilika mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Muundo wa sasa, ulioanza Septemba 2001, una tarakimu 2 za umri: gari la Machi 2002 lina 02, la Septemba 2002 lina 52.

Ireland huandika mwaka waziwazi. Ilipokaribia 2013, namba 13 ikaleta wasiwasi kwamba wanunuzi wenye kuamini mikosi wangekaa pembeni. Wafanyabiashara wa magari kwa upande wao walitaka msimu wa pili wa mauzo. Yakapatana: mwaka ukagawanywa, zikawa 131 na 132.

Hata mfumo usiokusudia kutaja umri huishia kuutaja, mradi namba zinatolewa kwa mpangilio. Tanzania hutumia T, tarakimu 3 na herufi 3, na hakuna mwaka popote. Lakini tangazo la gari litakuambia "namba D" au "namba E", yaani ya kwanza kati ya zile herufi 3, na msomaji anajua gari liliingia lini takribani. Liliingia nchini, si lilitengenezwa. Hapo wengi huteleza.

Kwa nini herufi za Ujerumani zina sura ya ajabu?

Kwa makusudi. Katika miaka ya 1970, wakati wa mashambulizi ya kundi la kigaidi la Red Army Faction, polisi waligundua jinsi ilivyo rahisi kugeuza P kuwa R au F kuwa E kwa utepe mweusi na dakika moja. Mbunifu wa herufi Karlgeorg Hoefer alishughulikia mwandiko ambao kila herufi ina umbo lake peke yake. Chukua P ya mwandiko huo, iongezee mguu: hupati R, unapata P yenye kigongo. Ulikuwa wa lazima kwa vibao vipya kuanzia mwaka 2000, na kamera nazo zimeupenda.

Kibao kinatengenezwaje, na kwa nini kinang'aa usiku?

Kwa kawaida ni bati jembamba la alumini lililobandikwa karatasi ya kuakisi mwanga. Mashine inaligandamiza kwenye kalibu, herufi zinainuka, kisha rola lenye moto linapita juu na kuacha rangi kwenye zile sehemu zilizoinuka tu. Zipo nchi zinazotumia plastiki bila kuinua herufi.

Kung'aa kwenyewe kunatokana na chembe ndogo mno za kioo au vipembe vidogo ndani ya karatasi, ambavyo huurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Jaribu usiku: shika tochi kwenye paji la uso, elekeza kwenye kibao cha mbali, kitawaka kama taa. Sasa nyoosha mkono, isogeze tochi mbali na uso wako; kinafifia. Ndivyo dereva wa nyuma anavyokisoma vizuri kwa taa zake, na aliyesimama kando ya barabara asione kitu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili chuma kilipoadimika, jimbo la Illinois lilitoa vibao vya ubao uliotengenezwa kwa soya. Wanyama walivitafuna.

Rangi zina maana moja kila mahali?

Hata kidogo. Njano Uholanzi ni ya kila mtu. Uingereza ni kibao cha nyuma tu, cha mbele ni cheupe. Tanzania ni gari la binafsi, na la biashara ni jeupe. India ni kinyume chake kabisa: njano ni ya biashara. Japani ni ya magari madogo yenye injini ndogo. Kijani siku hizi kinaelekea kuwa cha magari ya umeme, kama China na India, lakini Japani kijani ni gari la biashara.

Rangi pia inaweza kukuangusha. Mwezi Februari 2020 jimbo la Ontario, Kanada, lilianza kutoa vibao vya buluu vyenye maandishi meupe. Mchana vilipendeza. Usiku mwanga ulirudi kutoka kwenye buluu na kutoka kwenye nyeupe kwa pamoja, herufi zikayeyuka. Polisi ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele, na miezi michache baadaye vilisitishwa.

Kuna kipimo cha usomekaji?

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka namba isomeke mchana kutoka mita 40 angalau, gari likiwa limesimama. Waingereza wameugeuza usomekaji kuwa kipimo cha macho: anayetaka leseni lazima asome kibao kutoka mita 20.

Namba ni ya gari au ya mtu?

Inategemea nchi. Kenya, Tanzania, Uholanzi na Ufaransa namba hukaa na gari hata likiuzwa. Uswisi na Ubelgiji, na majimbo mengi ya Marekani, ni ya mtu: ukiuza gari unafungua kibao na kuondoka nacho. Uswisi unaweza hata kuwa na magari mawili na seti moja ya vibao, ukivihamisha kulingana na gari unalotaka kuliendesha. Namba ikifuata gari, polisi wanalifuatilia kirahisi. Ikifuata mtu, faini haziendi kwa aliyeuza gari mwaka jana. Kila upande una maumivu yake.

Kwa nini namba nyingine huuzwa kwa fedha nyingi?

Kwa sababu ni chache. Namba yenye tarakimu moja ni moja tu. Huko Abu Dhabi namba 1 ilinunuliwa mwaka 2008 kwa dirham milioni 52.2. Mwaka 2023 Dubai ikauza P 7 kwa dirham milioni 55, kwenye mnada wa hisani.

Ukichagua maneno badala ya tarakimu, uwe mwangalifu. Mtu mmoja wa California alichukua kibao chenye neno NULL, ambalo katika kompyuta humaanisha "hapana kitu". Alidhani labda mitambo itashindwa kumwandikia faini. Ikawa kinyume: kila karani aliyeacha nafasi ya namba wazi, faini ile ilimwendea yeye. Zikafika zaidi ya dola 12,000.

Kuna namba watu wanazikimbia?

Zipo. Japani haitoi vibao vinavyoishia na 42 wala 49 mpaka uombe, kwa sababu matamshi yake yanakaribia maneno ya kifo na mateso. Kabul ilikuwa kali zaidi. Mfululizo wa magari ulipofika 39, mwaka 2011, namba hiyo ilikuwa imeshahusishwa na kuadi mmoja, na hakuna aliyetaka kuonekana ndani ya gari la 39. Bei za magari hayo zikaporomoka, ingawa injini zake hazikuwa na kosa lolote.

"Kibao cha dijitali" kina skrini?

Kwa kawaida hapana. Vibao vipya vya Kenya vilivyozinduliwa mwaka 2022 huitwa hivyo, lakini ni vibao vilivyoongezewa alama za usalama na kufungamanishwa na kumbukumbu za usajili. India imefanya kitu cha jamaa yake: tangu Aprili 2019 gari jipya hupewa kibao chenye hologramu, namba iliyochongwa kwa leza, na kifungio kinachovunjika ukijaribu kukifungua. Vibao vyenye skrini vipo California, lakini ni vichache.

Adui wa vibao hivi si mwizi wa kibao bali mnakili. Anaona gari lako limefanana na lake, rangi ileile, anachapisha namba ya hilo lako na kuifunga kwenye lake, na faini zinaanza kukufikia kutoka mji ambao hujawahi kukanyaga. Kamera za kusoma namba, zilizobuniwa Uingereza mwaka 1976, husoma herufi tu. Hazijui kama bati ni halali.

Kibao kimoja kikipotea, kwa nini nisichapishiwe kingine kama kile?

Kwa sababu kilichopotea huenda kimeshafungwa kwenye gari lingine, na sasa vitakuwepo viwili halali. Nchi nyingine hulazimika kukupa namba mpya kabisa, na mzunguko wa bima na kadi ya gari unaanza upya. Waholanzi wana dawa nyepesi. Tazama kwa karibu kibao chao kilichowahi kutolewa upya: juu ya kistari cha kwanza kuna tarakimu ndogo, 1 kwa kibao cha badala cha kwanza, 2 kwa kinachofuata. Namba ya gari haijabadilika. Anayekutwa na kibao kisicho na kile kitarakimu, wakati daftari linasema kinapaswa kuwepo, ndiye mwenye kibao kilichopotea.